Fedha za Klabu ni Amana ya Wenzako

Muhula uliopita mpwa wangu, anayesoma katika chuo kikuu kimoja cha serikali nchini Marekani, alinipigia simu usiku. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, alinieleza jambo lililomkosesha usingizi. Alikuwa amechaguliwa kuwa mweka hazina wa klabu ya wanafunzi watokao Afrika Mashariki. Klabu ilitaka kuandaa usiku wa Kiswahili, wenye mashairi, pilau na sambusa, na mlango wazi kwa kila mwanafunzi. Hesabu aliyoifanya kwa makini ilifika dola 1,200. Wenzake wakamtaka aandike 2,400.

"Mjomba, wanasema kamati hukata nusu ya kila ombi. Ukiandika kweli, utapata nusu ya kweli. Nifanyeje?"

Kwa kuwa wazazi wengi wana vijana vyuoni, nimeona jibu langu nilitoe hapa.

Kwanza tujue fedha hizo ni za nani. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi hulipa ada ya shughuli za wanafunzi mbali na ada ya masomo. Serikali ya wanafunzi, kupitia kamati yake ya fedha, huzigawa fedha hizo kwa klabu zinazoomba. Basi anayelipia pilau yako ni mwanafunzi mwenzako, akiwemo yule anayesoma kwa mkopo na ambaye huenda asikanyage kabisa katika hafla yako.

Pili, mgawo huo una historia. Katika Chuo Kikuu cha Virginia, kila mwanafunzi wa muda kamili alikuwa akilipa dola 14 kwa muhula. Wanafunzi waliokuwa wakitoa jarida la Kikristo waliomba dola 5,862 za uchapishaji, wakanyimwa kwa kuwa jarida lao lilikuwa la dini. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1995, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kuwa chuo kinacholipia uchapishaji wa majarida mengine ya wanafunzi hakiwezi kulinyima hilo kwa sababu ya mtazamo wake. Mwaka 2000, katika shauri la Chuo Kikuu cha Wisconsin, majaji wote walikubaliana kuwa chuo chaweza kumtoza ada hiyo hata mwanafunzi asiyependezwa na baadhi ya klabu, mradi mgawo usipime mitazamo. Vyuo binafsi vina kanuni zao, lakini katika vyuo vya serikali kinga hiyo iliyotafutwa na vijana wa Kikristo inamfunika pia kijana wa Kiislamu.

Sasa tazama matokeo yake. Kamati iliyokatazwa kuipendelea klabu kwa mawazo yake imebaki na nini cha kupimia? Imebaki na kanuni, manufaa ya shughuli kwa wanafunzi, na hesabu. Hesabu zikiwa za uongo, hata kamati adilifu itagawa kwa dhuluma. Kila dola uliyoizidisha imeondolewa kwa klabu nyingine, na mara nyingi ni ile ndogo iliyoandika kweli.

Nilimwambia: "Mwanangu, usiongeze hata dola moja. Lakini ukweli nao unahitaji maandalizi."

Tukaketi na hesabu yake, yeye huko na mimi huku. Ukumbi dola 300, chakula cha watu 80 dola 720, matangazo 100, vipaza sauti 80. Nikamtaka aambatanishe makadirio ya maandishi kutoka kwa kila mwuzaji, aeleze idadi ya watu 80 ameipata wapi, na aonyeshe kuwa hafla haiwafungii nje wasiokuwa wanachama. Asome kanuni za kamati kabla ya kuandika, kwa maana ziko kamati zisizolipia chakula au zinazokiwekea kikomo, na ombi lililochelewa huweza kukataliwa bila kusomwa. Mwisho, apange mahitaji kwa umuhimu: tukipewa pungufu, hiki kitabaki na kile tutakigharimia wenyewe. Hilo ndilo jibu la hofu ya kukatwa. Anayejua kitakachopunguzwa hana haja ya kujaza maji kwenye maziwa.

Wenzake walinuna. Walimwambia kuwa atawaaibisha mbele ya wageni, na mmoja akataka uchaguzi urudiwe. Kijana akapeleka 1,200.

Kamati ikamwita. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini watu 80 na si 150. Akaonyesha daftari la mahudhurio ya hafla ya mwaka uliotangulia. Wakaidhinisha dola 880. Zilizopunguzwa ni za chakula. Siku ile, wazazi wenzangu, nilikosa la kumwambia, kwani wenzake walikuwa wameonya hivyo hivyo.

Yeye hakungoja neno langu. Aliwaita wanachama, akawasomea barua ya kamati, akawaonyesha upungufu wa dola 320. Walikuwa 32. Kila mmoja akatoa dola 10, hata yule aliyetaka uchaguzi urudiwe.

Hafla ilifanyika na watu wakala wakatosheka. Ukumbi ukatoka kwa bei nafuu kuliko makadirio, zikasalia dola 40 za kamati. Alizirudisha pamoja na risiti zote.