Meli haimngoji abiria: Funzo la São Tomé kwa Mombasa na Zanzibar

UCHAMBUZI

KISA cha abiria wanane walioachwa na meli ya kitalii ya Norwegian Dawn katika kisiwa cha São Tomé mwishoni mwa Machi 2024 kilizusha mjadala mkubwa kuhusu nani hasa hubeba dhamana ya mtalii anaposhuka nchi kavu. Kwa bandari za Mombasa na Zanzibar, ambazo nazo hupokea meli za aina hiyo, mjadala huo unahusu riziki ya watu wengi.

Meli hiyo iliondoka Cape Town, Afrika Kusini, Machi 20 ikielekea Barcelona, Hispania. Ilipofika São Tomé, abiria hao, Wamarekani sita na Waaustralia wawili, walikwenda matembezini na mwongozaji wa kujitegemea, wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti hadi ilipokuwa meli, ikiwa bado imetia nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Pasipoti zao ziliachwa kwa wakala bandarini.

Walisafiri kwa ndege hadi Gambia, kituo kilichofuata, lakini meli ikashindwa kuingia Banjul. Hatimaye waliipata Dakar, Senegal, Aprili 2, baada ya safari ndefu ya barabara. Msimamo wa kampuni ulikuwa kwamba kurudi kwa wakati ni wajibu wa abiria mwenyewe.

Gharama ya kusubiri

Ukali huo una sababu zake. Gati hulipiwa kwa muda, rubani wa bandari na matishari hupangiwa saa, na maji yakipwa baadhi ya bandari hazipitiki. Meli inayochelewa hulazimika kuongeza mwendo na kuteketeza mafuta zaidi ili iwahi kituo kinachofuata.

Hali huwa tofauti kwa matembezi yanayouzwa na kampuni ya meli yenyewe. Basi lake likikwama, kwa kawaida meli husubiri, au kampuni hugharimia kumfikisha abiria bandari inayofuata. Tiketi za ndege hufuata mantiki hiyo hiyo: anayejinunulia mwenyewe hubeba hasara ndege ikichelewa, ndiyo maana wazoefu hufika siku moja kabla ya meli kung'oa nanga.

Hapo ndipo dereva wa teksi na mwongozaji mdogo wanapoumia. Hata bei yao ikiwa nafuu, hofu ya kuachwa humsukuma mtalii kununua matembezi ndani ya meli, na sehemu ya fedha hizo hubaki kwa kampuni ya kigeni.

Umbali na saa

Mjini Mombasa, Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iko karibu na bandari na haimtishi mtu. Hifadhi ya Tsavo Mashariki ni suala jingine, kwani barabara yake ndiyo ile inayotumiwa na malori ya mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Ajali moja yaweza kumaliza saa zote za akiba. Zanzibar nayo, Mji Mkongwe huzungukwa kwa miguu, ilhali Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, huhitaji sehemu kubwa ya siku.

Kuna pia mtego wa lugha. Mwenyeji aambiwapo meli inaondoka "saa 11", huelewa jioni. Mgeni akisema hivyo, huenda anamaanisha saa 5. Isitoshe, saa ya melini si lazima ilingane na ya nchi kavu. Muda wa kurudi ni vyema uandikwe.

Nyaraka nazo si za kupuuzwa. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, Kenya ikiwamo, hivyo mpangilio wa vituo waweza kubadili masharti.

Waongozaji wa kujitegemea hawawezi kuizuia meli isiondoke. Wanachoweza ni kuungana, kukubaliana muda wa kurudi unaoacha saa mbili za akiba, kuwa na gari la dharura na kukataa safari za mbali pale muda usipotosha. Bila dhamana ya namna hiyo, meli zitaendelea kuja, lakini abiria watapita langoni mwa bandari wakiwa tayari ndani ya mabasi ya wengine.