Dalali, andika "imechukuliwa"

MAONI YETU

"Nyumba inapangishwa, Sinza. Vyumba viwili, kimoja masta. Sebule, jiko, choo cha wageni. Luku ya kujitegemea, maji ya Dawasa, geti, paking. Kodi Sh350,000 kwa mwezi, unalipa miezi 6. Kuonyeshwa Sh20,000. Dalali mwezi mmoja."

Matangazo ya namna hii ndiyo yanayowatafutia watu nyumba Dar es Salaam siku hizi. Mtu yuko kwenye daladala, simu mkononi, anapitisha picha moja baada ya nyingine mpaka akutane na sebule inayompendeza, kisha anapiga namba iliyo chini. Hatuna ugomvi na utaratibu huo, umepunguzia wengi kuzunguka juani. Ugomvi wetu ni na tangazo linalobaki ukurasani miezi mitatu baada ya nyumba yenyewe kupata mpangaji.

Yanayofuata kila mpangaji anayajua. Unapiga, unaambiwa, "Ipo bosi, njoo." Unaomba ruhusa kazini, unachukua bajaji, unatoa Sh20,000. Mkishakutana, dalali anakuna kichwa: "Aisee, ile wameichukua leo asubuhi. Ila kuna nyingine kali zaidi, hapo tu Kimara." Saa 11 jioni, kutoka Sinza, Kimara si hapo tu. Na Sh20,000 yako hairudi, kwa maelezo kwamba ni hela ya usumbufu. Wa nani, wake au wako?

Tusidanganyane kwamba huku ni kusahau. Ni hesabu. Dalali anayepata watu watano kwa siku kwa Sh20,000 ana Sh100,000 mfukoni bila kupangisha hata chumba kimoja. Nyumba iliyopo ataipangisha mara moja, alipwe, yaishe. Nyumba isiyokuwepo anaweza kuionyesha kila siku. Maadamu malipo ya kuonyeshwa hayaangalii kama kuna cha kuonyesha, tangazo lililokufa litaendelea kuwa na faida kuliko lililo hai.

Haki lazima itendeke kwa pande zote. Hela ya kuonyeshwa haikutoka hewani. Wapo wateja wanaoonyeshwa nyumba, wanasema "nitakucheki," halafu jioni wanarudi kwa mwenye nyumba kwa mlango wa nyuma ili wakwepe ule mwezi mmoja wa dalali. Kijana ametumia nauli, bando na nusu siku, anaishia kuambulia patupu. Kudai kitu kidogo cha kujilinda si dhambi. Kukidai kwa nyumba unayojua ina watu ndani ni utapeli, hata ukiuita usumbufu.

Zamani mambo haya yalikuwa na breki. Dalali alikuwa na kibanda na ubao uliopakwa rangi: VYUMBA, FREMU, VIWANJA. Mjumbe alimjua, muuza kahawa alimjua, na akikutapeli ulijua kesho utamkuta wapi. Jina lake ndilo lilikuwa dhamana yake. Mtandaoni breki hiyo imekatika: ukurasa ukichafuka unabadilishwa jina kabla chai haijapoa, na kesho una salamu mpya na picha zile zile.

Tena picha zenyewe ziangalie vizuri. Mara nyingi pembeni utaona kipande cha rangi kilichobandikwa kufunika namba ya aliyepiga picha, juu yake imeandikwa namba nyingine, na tarakimu mbili za ile ya kwanza bado zinachungulia. Huyo ni dalali wa dalali. Hajaingia kwenye nyumba hiyo, mwenye nyumba hamjui, na ukimuuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki atakwambia "hayana shida." Nyumba moja inapita mikono mitatu, na kila mkono unataka chake.

Kuna jingine linalopita bila kusemwa. Video inapigwa mpangaji akiwa bado hajahama: kamera inaingia chumbani, inapita kwenye picha ya harusi ukutani, inapita kwenye sare ya mtoto yenye nembo ya shule, na maelfu ya watu wanatazama. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Lakini hata bila sheria, hodi ni ustaarabu wetu. Mwombe mwenye chumba ruhusa, au subiri ahame.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu vyote viwili vinajitembeza, tena kwa wimbo ule ule nyuma ya video. Mteja hana pa kuwatofautishia dalali mkweli na mwongo isipokuwa mwenendo wao, na hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Wakigombania kamisheni wanaanikana hadharani, huyu akimwita mwenzake tapeli na yule akijibu kwa matusi. Mteja anayesoma haamui nani mkweli. Anawaondoa wote wawili kwenye orodha yake.

Wenzao wa Marekani walilitambua hilo mapema. Chama chao, National Association of Realtors, kilijiwekea kanuni za maadili mwaka 1913, kabla redio haijaingia majumbani. Hadi leo kanuni hizo zinamtaka mwanachama awe mkweli kwenye matangazo, na zinamkataza kusema uongo kuhusu mwenzake wa kazi. Kenya, hapa jirani, ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Huko kote matapeli hawajaisha, ila mteja ana pa kuuliza kama mtu huyu anatambulika.

Madalali wetu hawana haja ya kusubiri Bunge ili waanze. Nyumba ikichukuliwa, waandike hivyo siku hiyo hiyo. Hela ya kuonyeshwa irudi pale nyumba inapokuwa haipo, au inapokuwa siyo ile ya kwenye picha. Ukurasa uwe na jina kamili la mtu na mtaa anakopatikana, na tangazo liseme wazi kama dalali ameonana na mwenye nyumba au ameletewa na mwenzake. Malalamiko yajibiwe. Dalali anayefuta kila lawama na kumbloku aliyeiandika anadhani amelinda jina, kumbe amempa mteja huyo sababu ya kwenda kulisema kwenye magrupu yote ya WhatsApp aliyomo.

Wapangaji nao wafungue macho. Anayejibu tangazo tuliloanza nalo anajiandaa kutoa Sh2,450,000 ukijumlisha kodi na ya dalali. Fedha hiyo haitumwi kwa mtu usiyemjua eti "nikushikilie nyumba." Ingia ndani kwanza, fungua bomba, onana na mwenye nyumba, andikishaneni. Kwa kiwanja hatari ni kubwa zaidi, maana nyasi za Kigamboni na nyasi za Bunju kwenye picha ni nyasi tu: fika eneo lenyewe, pita ofisi ya serikali ya mtaa, na kama kuna hati fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Akaunti nyingi za Instagram zina sehemu inayoonyesha zilifunguliwa lini na zimewahi kubadili jina mara ngapi. Itazame kabla ya kupiga simu. Na ujumbe wa "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma namba hii" peleka 15040, TCRA wanaupokea.

Tunajua woga wa madalali. Wanaona ukurasa wenye nyumba nyingi zilizokwisha kuchukuliwa utaonekana duka tupu. Sisi tunaona kinyume chake. Mteja anayepitisha picha kwenye daladala akikuta "imechukuliwa, tarehe 3," "imechukuliwa, tarehe 9," "imechukuliwa, tarehe 14," anajua mambo mawili kwa mpigo: mtu huyu anapangisha kweli, na nyumba ya nne, isiyoandikwa kitu, bado ipo. Hiyo ndiyo atakayoipigia simu.