Mlango Mwembamba kwa Vyuo Vidogo

Mashindano makuu ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani huchukua timu 68. Mwaka 2024, nafasi 32 zilikuwa za mabingwa wa ligi. 36 zilizosalia ziligawiwa na kamati. Indiana State ilikwisha kushinda michezo 28 na kupoteza 6. Lakini Machi 10 ilifungwa na Drake 84-80 katika fainali ya ligi yake, na juma moja baadaye jina lake halikusomwa.

Hoja inayotolewa daima dhidi ya timu za namna hii ni kwamba hazikuwashinda wakubwa. Ni mkubwa gani basi atakayekubali kwenda Terre Haute, ambako akishinda hapati sifa na akishindwa anaumbuka? Anayekwepa mchezo hana haki ya kumlaumu mwenziwe kwa kutoucheza, na kamati ina wajibu wa kuipima pia michezo iliyokataliwa.

Wala chuo hicho si kigeni katika medani hiyo. Mwaka 1979, kikiwa na Larry Bird, kilifika fainali bila kushindwa hata mara moja. Safari hii kilielekezwa kwenye mashindano ya daraja la pili, NIT. Huko kilishinda michezo 4 mfululizo, kikafungwa fainali na Seton Hall, 79-77.