Wapiga nanga nao wakumbukwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu wasanii wa vijijini ambao hawana mwajiri wala mshahara, na jinsi wanavyosahauliwa kila maradhi ya kuambukiza yanapowazuia watu kukusanyika.

Wasomaji watakumbuka kwamba tarehe 17 Machi, 2020, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko ya michezo na burudani kwa sababu ya korona. Sisi walimu wa shule za msingi tulikaa nyumbani hadi tarehe 29 Juni, lakini mshahara wetu haukukatika. Jirani yangu, mzee mpiga nanga, hakuwa na bahati hiyo. Huku kwetu Muleba na Bukoba riziki ya mpiga nanga iko harusini. Mwenye shughuli humlipa kidogo, na wasikilizaji humtunza mkono kwa mkono. Harusi zilipoahirishwa, mzee alibaki mikono mitupu.

Atatokea mtu aseme: "Kwa nini asilime?" Analima! Lakini migomba yetu imeandamwa na mnyauko kwa miaka mingi, na kahawa huvunwa kwa msimu tu.

Wenzetu walitafuta njia. Tarehe 18 Aprili, 2020, wanamuziki mashuhuri, akiwemo Lady Gaga wa Marekani, waliimba wakiwa majumbani mwao, dunia ikawatazama kwa televisheni na intaneti, na fedha nyingi zikachangwa kwa ajili ya kupambana na korona. Mwezi huo huo, huko Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shilingi milioni 100 za nchi hiyo zitolewe katika Mfuko wa Michezo kuwasaidia wasanii, ili waendelee kuwaburudisha wananchi waliobaki nyumbani.

Kijijini kwetu nasi tulijaribu. Kijana mmoja mwenye simu ya kisasa alimrekodi mzee akipiga nanga uani kwake, kisha akaisambaza kwa WhatsApp. Wenzetu walioko Dar es Salaam na Mwanza walifurahi, wakatuma fedha. Kumbe namba iliyoandikwa ilikuwa ya kijana mwenyewe! Mzee aliambulia kilo mbili za sukari. Ndugu Mhariri, huu ni unyonyaji, maana jasho ni la mwingine na mlaji ni mwingine.

Walimu tulipogundua tulirekodi upya. Safari hii mzee aliitaja kwa kinywa chake namba iliyosajiliwa kwa jina lake, mwanzo na mwisho wa wimbo. Fedha zilizoingia zilitosha kununua mahindi ya mwezi mzima na nyuzi mpya za nanga. Kwa hiyo njia hii inafaa hata kijijini. Kutunza ni desturi yetu tangu zamani, na simu imeurefusha tu mkono wa mtunzaji. La muhimu ni kwamba mkono unaopokea uwe wa msanii.

Jambo hili si dogo. Tendi za nanga za Wahaya ndizo alizoziandikia Profesa Mugyabuso Mulokozi tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Mpiga nanga akiuza nanga yake kwa sababu ya njaa, watoto ninaowafundisha watazisoma tendi hizo vitabuni tu, wasizisikie.

Tena tusijidanganye kwamba maradhi yamekwisha. Mkoa wetu wa Kagera ulipatwa na Marburg mwezi Machi 2023 huko Bukoba Vijijini, na tena Januari 2025 huko Biharamulo.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, Maafisa Utamaduni wa halmashauri zetu waandikishe wasanii wa kila kijiji pamoja na namba zao wenyewe, kabla ya balaa kuingia. Pili, redio za Bukoba ziwarekodi wasanii hao na kutangaza namba hizo, maana wazee wengi wana redio lakini hawana intaneti. Tatu, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa uweke fungu dogo la msaada wakati wa maradhi. Mkopo si dawa ya mtu ambaye harusi zake zote zimefutwa, kwani ataulipa kwa nini?

Nasi wananchi tunaotumiana nyimbo hizi kwenye simu, tukumbuke kwamba ukiusikiliza wimbo ukakufurahisha, umekwisha kuingia harusini. Usitoke bila kutunza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.