Kurejesha Ng'ombe Hakuvunji Ndoa

Katika kila posa inayoletwa mbele ya wazee wa jumuiya yetu, sisi watu wa Masoko na Rungwe nzima tuishio Uingereza, aghalabu huzuka swali moja: je, mtu aliyeachana na mwenzake kwa kauli, au kwa kikao cha ukoo, au kwa miaka mingi ya kutoonana, yu huru kufunga ndoa nyingine? Jawabu letu, tunalolitoa waziwazi kwa mapenzi tuliyonayo kwa jamaa zetu, ni kwamba hayuko huru hata mahakama iivunje ndoa ya kwanza.

Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na ada yenye heshima, nayo ni kwamba ndoa ilisimama juu ya ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao waliporejeshwa mbele ya mashahidi, mke na mume walikuwa wameachana. Lakini tangu ilipotungwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa zote za Tanzania Bara, ziwe za bomani, za kanisani, za Kiislamu au za kimila, hudumu mpaka mauti, au mpaka mahakama itoe amri. Hata talaka aliyoitamka mume Mwislamu, sharti ipelekwe mahakamani ithibitishwe. Mwanamke mwenye mume haruhusiwi kabisa kuolewa na mwingine. Na mume aliyeoa kimila, ambaye ndoa yake sheria huidhania kuwa ya wake wengi, asidhani kwamba ruhusa hiyo inavuka bahari, maana msajili wa hapa Uingereza hamfungishi ndoa mtu mwenye mke.

Talaka ya hapa nayo ina daraja mbili, na katika daraja hizo wengi hughafilika. Tangu Aprili 2022 mahakama hutoa kwanza amri ya masharti, na baada ya wiki 6 ndipo mdai awezapo kuomba amri ya mwisho, ambayo haiji yenyewe asipoiomba. Afungaye ndoa baina ya amri hizo mbili, ndoa yake ni batili tangu siku ya harusi. Na afanyaye hivyo kwa kujua, sheria ya mwaka 1861 yaweza kumfunga hadi miaka 7.

Dhara kubwa, hata hivyo, humfika yule asiye na hatia: mke wa pili aliyeolewa kwa nia safi, ambaye siku ya msiba huona cheti cha ndoa cha mke wa kwanza kikiletwa kutoka nyumbani, akalazimika kuipigania mahakamani heshima ya mjane.

Wala njia ya halali si ndefu mno. Kule nyumbani mdai huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na likishindwa kupatanisha, humpa hati ya kwenda nayo hata Mahakama ya Mwanzo. Na ikiwa mwenzake yuko ng'ambo, wala hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6, sheria humruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja bila ya hati hiyo.

Kwa hiyo twawasihi wazazi, washenga na wachungaji wasipokee posa ya mtu aliyewahi kuoa au kuolewa kabla ya kuiona amri ya mahakama yenye muhuri, au cheti cha kifo. Kuidai karatasi hiyo si kumvunjia mtu heshima. Ni insafu kwa mke aliyeachwa, na ni amana kwa yule anayekuja.