Tusizisingizie Jeni

Ipo hoja inayopendwa na watu wanaotaka kuonekana wasomi bila kusumbua vichwa vyao: kwamba Mwafrika hatibiki vizuri kwa kuwa damu yake ni tofauti. Mfano wao mkuu ni homa ya ini aina ya C. Naipinga hoja hiyo, wala siipingi kwa kuikana sayansi. Naipinga kwa kuisoma sayansi yenyewe hadi mwisho.

Mwaka 2009, watafiti waliochunguza wagonjwa waliotibiwa kwa interferoni na ribavirini huko Marekani walibaini tofauti ya herufi moja tu katika kromosomu ya 19, karibu na jeni iitwayo IL28B. Waliorithi herufi C kwa baba na kwa mama walipona takriban maradufu ya waliorithi T mbili. Herufi C imeenea mno Asia ya Mashariki, imeenea kiasi Ulaya, na ni haba zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Jambo hilo lilieleza karibu nusu ya pengo la kupona kati ya Wamarekani Weusi na wenzao wenye asili ya Ulaya. Nusu, si lote. Tena, Wamarekani Weusi wenye C mbili walipona kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu wenye T mbili. Iko wapi basi hiyo "damu ya Mwafrika"?

Interferoni haimuui kirusi moja kwa moja. Huuamsha mwili upigane. Ndiyo maana jeni za mgonjwa zilikuwa na uzito. Mwishoni mwa 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuviri, dawa inayomzuia kirusi mwenyewe asizaliane. Ilipochanganywa na nyingine za aina yake, zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 walipona, na herufi ile ikapoteza karibu uzito wake wote. Bei je? Dola 84,000 kwa wiki 12 nchini humo. Kizuizi kikahama kutoka kwenye kromosomu hadi mfukoni, na mfuko haurithiwi kwa jeni.

Je, tuseme jeni hazina maana tena? La hasha. Kirusi naye ana jeni zake. Nchini Rwanda, wagonjwa 300 walipopewa ledipasviri pamoja na sofosbuviri, asilimia 87 walipona. Lakini miongoni mwa waliokuwa na kirusi cha kijiaina 4r, waliopona walikuwa asilimia 56 tu. Kijiaina hicho kilikuwa nadra mno katika majaribio ya Ulaya na Marekani yaliyoifungulia dawa hiyo soko. Hapa kosa si la damu ya Mnyarwanda. Kosa ni la utafiti uliompima mwingine, kisha ukamuuzia yeye majibu. Heri Rwanda iliyojipima yenyewe.

Basi, ndugu mtumishi wa umma, kabla hujasaini zabuni ya dawa, uliza: imejaribiwa dhidi ya virusi vilivyomo nchini mwetu? Mwanaharakati, dai bei nafuu, na pamoja nayo dai maabara. Nawe mwanafunzi, ukiambiwa kwamba watu wako hawaponi kwa sababu ya jeni zao, uliza ni jeni za nani zilizopimwa, kwa dawa gani, na nani aliyeachwa nje ya hesabu.