Vita Vilivunja Nje?

Mtoto wa Isikizya, mkoani Tabora, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akifika sekondari, kitabu cha historia kinamwambia Vita vya Majimaji "broke out" mwaka 1905. "Break" anaijua, kuvunja. "Out" nayo anaijua, nje. Basi vita vilivunja nje! Haulizi, anakariri sentensi nzima na kuimwaga kwenye mtihani.

Kwenye baiolojia atakuta chakula tumboni kina-"break down". Kwenye kemia, gesi inakuwa "given off". Mwalimu wa kemia anaeleza gesi, ile "off" anamwachia mwenzake wa Kiingereza. Mwenzake naye ana orodha yake ya kukaririsha, na "give off" haimo.

Nashikilia kwamba vitenzi hivi vyenye mkia ni kazi ya kila mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza, na kwamba Kiswahili kiruhusiwe darasani kuvieleza. Wapo watakaokunja uso. Wakunje.

Kiingereza hubandika mkia, maana ikageuka: "put out" moto ni kuuzima, "put off" mkutano ni kuuahirisha, "put up with" jirani mwenye makelele ni kumvumilia. Sisi aghalabu twageuza ndani ya kitenzi chenyewe. Mgeni akifika Tabora anafikia kwa shangazi yake: imeongezeka irabu moja tu, na tayari ana pa kulala. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopeleka pembe za ndovu Bagamoyo walijitwika alfajiri, wakatua kambini, bila kuhitaji "juu" wala "chini". Lakini nasi tuna maajabu yetu. Anayepiga pasi hampigi mtu, anayekata tamaa hana kisu. Mwanafunzi akioneshwa hayo kwanza, hatashangaa kuwa "give up" ni kukata tamaa, na ikiwa ni sigara, ni kuiacha.

Walimu wa sayansi na historia nawaomba kitu kidogo. Kabla ya kuanza sura mpya, ipitieni kwa kalamu, pigieni mstari kila kitenzi cha namna hii, kisha kiandikeni ubaoni pamoja na sentensi yake kamili. Nakala mpeni mwalimu wa Kiingereza, aitumie hiyo na kuitupa orodha yake.